Maswali ya Wasomaji: Kazi na Maisha ya Mpiga Piano wa Jukwaani

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji waulize lolote kuhusu watu wanaoishi kwa kupiga muziki wa klasiki kwa piano mbele ya hadhira. Barua zimetoka Jinja, Arua, Mbale, Bombo na hapa Kampala, na ingawa kila moja ina jambo lake, karibu zote zinaegemea dhana kwamba kazi ya mtu huyu ni lile onyesho lenyewe, yaani mavazi, taa na makofi. Mimi ni mwalimu wa piano, na majibu yangu yanaelemea upande wa pili: naona onyesho kuwa sehemu ndogo kabisa ya kazi hiyo, na anayetaka kuielewa hana budi kuzitazama saa ambazo hakuna anayepiga makofi.

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Binti yangu ana miaka 11, na amejifunza kupiga kinanda cha umeme kanisani kwetu. Tangu alipoona kwenye simu video ya mwanamke akipiga piano pamoja na okestra, hasemi jingine ila kwamba atakuwa kama yule. Shangazi yake anasema amechelewa, kwa kuwa watu hao huanza wakiwa wadogo sana. Je, ni kweli? Na je, ni lazima ninunue piano, au kinanda kinatosha?

*Mama wa watoto watatu, Jinja*

JIBU

Marahaba, mama. Shangazi ana ukweli kwa upande mmoja. Wengi wa wapiga piano waliofika katika kumbi kubwa walianza wakiwa watoto wadogo, na mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Clara Wieck, ambaye baadaye aliolewa na mtunzi Robert Schumann. Alizaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1819. Baba yake, ambaye alikuwa mwalimu wa piano na mfanyabiashara wa ala hizo, alianza kumfundisha akiwa na miaka 5, na mwaka 1828, akiwa na miaka 9, alikwisha kupiga mbele ya watu katika ukumbi wa Gewandhaus. Mtoto anayeanza mapema hivyo hupata faida ambayo baadaye hainunuliki, kwa sababu sikio lake na vidole vyake hukua pamoja na ala.

Upande wa pili yupo Sviatoslav Richter, aliyezaliwa Ukraine mwaka 1915 na kukulia Odessa. Baba yake alikuwa mwanamuziki, ila kijana mwenyewe alijifundisha kwa kiasi kikubwa, akisoma noti za opera nzima nzima, na akiwa bado barobaro alifanya kazi ya kuwasindikiza waimbaji kwa piano. Alipokwenda Moscow mwaka 1937 kumwomba Heinrich Neuhaus amfundishe, alikuwa na miaka 22, na leo wapo wengi wanaomhesabu miongoni mwa wapiga piano wakubwa wa karne ya 20. Naye Ignacy Jan Paderewski wa Poland alikuwa na miaka 24 alipokwenda Vienna kusoma kwa Theodor Leschetizky. Alipata umaarufu wa kupindukia, na mwaka 1919 akawa waziri mkuu wa nchi yake, jambo ambalo silidai kwa wanafunzi wangu.

Hata hivyo, usiitumie mifano hiyo kama kinga. Wanaume hao wawili hawakuwa wageni wa muziki walipofika kwa walimu wao wakubwa. Kila mmoja alikuwa ameishi ndani ya muziki tangu utotoni, ila kwa njia isiyo na mpangilio. Kwa hiyo, badala ya kuuliza kama miaka 11 ni mingi, uliza binti amefanya nini katika miaka hiyo. Je, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya bila kuvutwa na sauti ya kwanza? Je, anasoma noti, au anafuata vidole vya mwalimu? Je, huenda kwenye ala bila kutumwa? Ikiwa majibu ni mazuri, ana nafasi ya kuwa mwanamuziki wa kweli. Kama atakuwa mpiga piano wa majukwaa ya dunia, hilo hakuna mwalimu mwaminifu anayeweza kulitabiri kwa mtoto wa umri wake, na akijitokeza anayelitabiri kwa ada kubwa, mkimbie.

Sasa kuhusu ala. Kinanda cha kanisani kwa kawaida kina vibonye 61, na chini ya kila kibonye mna springi nyepesi; ukikigusa kwa upole au kwa nguvu, vingi vya bei nafuu hutoa sauti ileile. Piano ina vibonye 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na kila kimoja ni mtaimbo mdogo unaorusha nyundo iliyofunikwa kwa sufu iliyoshindiliwa, nayo huzipiga nyuzi na kurudi nyuma papo hapo ili ziendelee kulia. Mtambo huo ulibuniwa na Bartolomeo Cristofori mjini Florence karibu na mwaka 1700, kusudi mpigaji aweze kutoa sauti ndogo na kubwa kwa kidole tu. Sanaa yote ya mpiga piano imo katika jinsi anavyoituma nyundo ile. Mtoto aliyelelewa na springi peke yake hufika kwenye piano akiwa na vidole vyepesi visivyojua uzito wa mkono, na kuviondolea mazoea hayo huchukua muda mrefu kuliko kumfundisha asiyejua lolote.

Hata hivyo sikuambii uuze kiwanja. Nyuzi za piano ni karibu 230, na mvuto wake wote kwa pamoja hufikia tani 18 au zaidi, ndiyo maana ndani yake mna fremu ya chuma. Fremu hiyo imezungukwa na mbao na sufu, na hapo kwenu kando ya ziwa unyevu huvimbisha mbao, nondo hula sufu, na mchwa hawaulizi kitu kimetoka Ulaya au Namanve. Piano inahitaji kurekebishwa sauti angalau mara 2 kwa mwaka, na mafundi wa kazi hiyo nchini ni wachache, kwa hiyo kabla hujamtafuta muuzaji, mtafute kwanza fundi. Kwa sasa nakushauri ununue piano ya kidijitali yenye vibonye vyote 88 vyenye uzito, iwe na kanyagio, na umpeleke binti mara kwa mara mahali penye piano halisi. Dosari yake ni moja: umeme ukikatika, mazoezi nayo yamekatika.

Juu ya saa za mazoezi, kwa umri wake saa 1 kila siku, akiigawa mara mbili, inatosha kabisa mwanzoni. Chopin, mtunzi na mpiga piano wa Poland, aliwaonya wanafunzi wake wasizidishe saa 3 kwa siku, na hao walikuwa watu wazima. Mwandikishe pia kwenye mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1889, ambayo hufanyika hapa Uganda na ina ngazi kuanzia ya 1 hadi ya 8. Ila uelewe kwamba ngazi ya 8, ambayo wazazi wengi huifanyia sherehe, kwa anayetaka kuingia vyuo vikubwa vya muziki ni kizingiti cha mlango tu.

SWALI

Mwalimu, mimi ni kijana wa miaka 19, napiga kinanda kanisani kwa kusikia tu, noti sizijui. Watu wananiambia nina kipaji na kwamba nitafute mashindano ya nje. Naomba kujua: mpiga piano wa klasiki hulipwa na nani, na je, mashindano ndiyo njia ya kufika?

*Mpiga kinanda, Arua*

JIBU

Ndugu yangu, mpiga piano wa jukwaani hana mshahara. Hulipwa kwa onyesho, na ile ahadi ya onyesho huwekwa mwaka mmoja au miwili kabla, kwa hiyo leo anaahidi utungo ambao pengine hajaanza kujifunza. Wakala anayemtafutia kazi huchukua fungu lake. Akiugua siku yenyewe, mara nyingi halipwi, hata kama amejiandaa kwa miezi. Akialikwa kupiga koncheto, yaani utungo ambamo piano hujibizana na okestra nzima, hupewa mazoezi ya pamoja mara 1 au 2 tu, kisha jioni ni onyesho, na kesho yake ni uwanja wa ndege. Ndiyo sababu anapofika mazoezini lazima awe ameshamaliza kujifunza kila kitu, pamoja na sehemu za wenzake.

Desturi yenyewe ya mtu mmoja kukaa peke yake na piano usiku mzima si ya kale sana. Mwanzoni mwa karne ya 19 tamasha lilikuwa mchanganyiko wa waimbaji, wapiga fidla na wageni wengine, na mpiga piano alikuwa mmoja wao. Franz Liszt ndiye aliyethubutu kuujaza usiku mzima peke yake, na maonyesho yake ya London mwaka 1840 yaliipa desturi hiyo jina inalotumia mpaka leo, yaani “recital”. Alizunguka Ulaya kwa miaka kadhaa, akashangiliwa kiasi cha watu kugombea glavu zake, kisha mwaka 1847, akiwa na miaka 35, akaacha kabisa kupiga kwa malipo, akageukia utunzi, uongozaji wa okestra na ufundishaji. Aliyeivumbua kazi hii ndiye aliyeikimbia mapema, na mimi humkumbuka kila ninaposikia ikisifiwa kupita kiasi.

Clara Schumann hakuwa na uhuru huo. Alizaa watoto 8. Mumewe aliugua akili, akalazwa mwaka 1854 na kufariki mwaka 1856, na watoto 7 waliokuwa hai walimtegemea yeye. Akazunguka mji kwa mji na nchi kwa nchi, akiwaacha watoto kwa ndugu na walezi, na kuanzia mwaka 1878 akaongeza kazi ya kufundisha katika chuo cha Hoch mjini Frankfurt. Ukichunguza maisha ya wapiga piano wengi wa leo utakuta hesabu ni ileile: maonyesho huleta jina, na kufundisha huleta chakula.

Mashindano ni kweli yamefungua milango. La Chopin mjini Warsaw lilianza mwaka 1927 na hufanyika kila baada ya miaka 5, na la Tchaikovsky mjini Moscow lilianza mwaka 1958, ambapo Mmarekani Van Cliburn, akiwa na miaka 23, alishinda katikati ya uhasama wa Marekani na Urusi ya Kisovieti, akapokewa New York kwa maandamano mitaani. Kwa msomaji wa Arua, hata hivyo, napenda zaidi kumtaja Dang Thai Son wa Vietnam. Alizaliwa Hanoi mwaka 1958. Vita vilipopamba moto chuo chake cha muziki kilihamishiwa vijijini kwa sababu ya mabomu, na huko ndiko alikoendelea kujifunza. Baadaye alipata nafasi ya kusoma Moscow, na mwaka 1980 akashinda Warsaw, akiwa Mwasia wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka huohuo Ivo Pogorelich alitolewa kabla ya fainali, Martha Argerich akajiuzulu kwenye jopo la waamuzi kwa hasira, na yule aliyetolewa akapata umaarufu mkubwa kuliko wengi waliowahi kushinda.

Ninachokiogopa katika mashindano ni kinachofuata ushindi. Kijana aliyezoea kupiga tungo zilezile chache kwa ukamilifu hujikuta ghafla na maonyesho mengi, bila tungo za kutosha na bila muda wa kujifunza mpya. Maurizio Pollini aliliona hilo: alishinda Warsaw mwaka 1960 akiwa na miaka 18, kisha akajiweka kando kwa muda na kurudi masomoni, na ndipo akaja kupiga kwa zaidi ya nusu karne. Van Cliburn yeye alipiga na kupiga, mara nyingi yaleyale ambayo watu walitaka kuyasikia, na mwaka 1978 akajiondoa kwenye jukwaa.

Wewe, kwa miaka 19 na bila noti, mashindano hayo si yako, na afadhali nikuambie leo kuliko uambiwe na afisa wa viza. Ila sikio linaloweza kuufuata wimbo wowote wa ibada na kuuhamisha kwenda ufunguo mwingine papo hapo ni mtaji ambao wanafunzi wengi wa noti hawana. Jifunze kusoma, sasa, kwa bidii. Kazi ya kusindikiza waimbaji na kwaya ni kazi kamili: Mwingereza Gerald Moore aliifanya maisha yake yote na akaheshimiwa kuliko wengi waliopiga peke yao. Ukija Kampala, ulizia Kampala Music School na idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Makerere. Nairobi nako kuna Kenya Conservatoire of Music, ambayo imekuwapo tangu miaka ya 1940.

SWALI

Kwa nini wapiga piano hawaweki karatasi mbele yao? Mwanafunzi wangu akisahau shairi jukwaani tunamsaidia. Hawa wakisahau inakuwaje?

*Mwalimu wa sekondari, Mbale*

JIBU

Desturi hiyo ilienezwa na Clara Schumann na Liszt, na mwanzoni baadhi ya watu waliiona kuwa ni majivuno. Sasa imekuwa karibu sheria, ingawa si sheria. Dame Myra Hess, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliandaa matamasha ya mchana katika National Gallery ya London, 1,698 kwa jumla, aliweka noti mbele yake mara nyingi. Richter katika miaka yake ya mwisho alipiga akisoma, ukumbi ukiwa gizani na taa ndogo ikimulika karatasi, na hakuna aliyedai arudishiwe kiingilio.

Kukariri kwenyewe hufanyika kwa njia kadhaa kwa pamoja: vidole vinakumbuka mwendo, sikio linakumbuka sauti, jicho linakumbuka ukurasa, na akili inakumbuka jinsi utungo ulivyojengwa. Njia ya vidole ndiyo rahisi na ndiyo ya kwanza kusaliti, kwa kuwa ikikatika haijui kuanza tena isipokuwa mwanzo kabisa. Kwa hiyo tunawazoeza wanafunzi kuanza kutoka mahali popote katikati, ili wakiteleza wawe na pa kushika. Kisa kinachojulikana sana ni cha Maria João Pires wa Ureno, aliyekuwa Amsterdam kupiga koncheto ya Mozart. Okestra ikaanza, naye akatambua kwamba ni koncheto nyingine, si ile aliyoiandaa. Uso wake ulioiva kwa hofu umenaswa kwenye video. Kondakta Riccardo Chailly akamtia moyo huku akiendelea kuongoza, na zamu ya piano ilipofika Pires aliipiga yote kwa kumbukumbu. Watu husema ni muujiza. Mimi naona ni malipo ya kujifunza kitu vizuri miaka mingi kabla ya kukihitaji.

SWALI

Habari, Mwalimu. Mimi ni muuguzi na usiku nasomea piano. Miezi hii kidole cha nne na cha tano cha mkono wa kulia vinajikunja vyenyewe ninapopiga, ila nikiandika au nikichoma sindano havina shida. Rafiki zangu wanasema niongeze mazoezi. Je, wapiga piano wakubwa hupatwa na haya?

*Muuguzi, Kampala*

JIBU

Usiongeze mazoezi. Simamisha, na umwone daktari wa mishipa ya fahamu; wewe u mtu wa hospitali na utajua pa kuanzia. Mimi si daktari, lakini ulichokieleza kinafanana mno na kilichompata mpiga piano Leon Fleisher wa Marekani, kiasi kwamba siwezi kuacha kukutajia habari zake.

Fleisher alizaliwa mwaka 1928, na kufikia katikati ya umri wake wa miaka ya 30 alikuwa miongoni mwa wapiga piano wanaotafutwa zaidi nchini mwake. Mwaka 1964 vidole hivyohivyo viwili vya mkono wa kulia vilianza kujikunja kuelekea kiganjani. Alifanya kile ambacho rafiki zako wanakushauri, akaongeza mazoezi, na hali ikazidi. Ulikuwa ugonjwa unaoitwa disitonia, ambao misuli yenyewe haina jeraha. Ubongo ndio unaotuma amri zilizovurugika, na huvurugika kwa kazi ileile tu ambayo mtu ameirudia mara nyingi kupita kiasi. Kwa karibu miaka 30 alipiga tungo za mkono wa kushoto peke yake, akaongoza okestra, na akafundisha katika chuo cha Peabody mjini Baltimore. Katika miaka ya 1990, kwa tiba ya kukanda misuli na sindano za botoksi, alianza kurudia kupiga kwa mikono miwili, na mwaka 2004 akatoa albamu. Hakupona kabisa, na mwenyewe hakuficha hilo. Alifariki mwaka 2020, akiwa amefundisha vizazi kadhaa.

Nyingi za tungo hizo za mkono wa kushoto zilikuwapo kwa sababu ya msiba wa mtu mwingine. Paul Wittgenstein wa Vienna alijeruhiwa mwaka 1914, mwanzoni kabisa mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, akakatwa mkono wa kulia akiwa mateka wa Warusi. Familia yake ilikuwa tajiri, naye akatumia fedha kuwaagiza watunzi wamtungie kazi za mkono mmoja; koncheto ya Maurice Ravel, iliyopigwa kwanza Vienna mwaka 1932, ni mojawapo. Robert Schumann naye alipoteza nguvu ya kidole cha mkono wa kulia akiwa kijana, katika miaka ya 1830, na wanahistoria bado wanabishana kuhusu sababu. Kwa kuwa hakuweza tena kupiga kama alivyotaka, akatunga, na mkewe akazipiga tungo zake duniani.

Katika fani hii maumivu yamefichwa kwa muda mrefu, kwa sababu anayejulikana kuwa mgonjwa haitwi tena kazini. Wewe hulazimiki kuficha. Utakapoanza tena kwa idhini ya daktari, anza kwa dakika chache, urefu wa kiti uwe ule unaoacha kigasha sambamba na vibonye, na mwalimu atazame mabega yako kwanza, kisha vidole.

SWALI

Je, ni adabu kupiga makofi kati ya sehemu moja ya utungo na nyingine? Nilizomewa kwa macho.

*Msomaji, Kampala*

JIBU

Siku hizi watu husubiri utungo wote uishe; mwangalie mpigaji, akiinua mikono na kuiacha juu bado hajamaliza. Lakini hukufanya dhambi. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris akifurahi kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfoni yake, muziki ukiwa bado unaendelea.

SWALI

Mwalimu, mimi ni mzee mstaafu. Mjukuu wangu anapiga amadinda, ile marimba ya mbao ya Buganda, kwenye kikundi cha shule, na Jumamosi hupelekwa kujifunza piano. Nimemwambia achague moja, tena nikamwambia hiyo piano ni mambo ya Wazungu na Mwafrika hatapewa nafasi. Mama yake amenikasirikia. Tuamue.

*Mzee wa Bombo*

JIBU

Shikamoo, mzee. Kuhusu nafasi, hukusema uongo wa kutunga. Mwaka 1951 msichana mweusi wa Marekani aitwaye Eunice Waymon, aliyeandaliwa tangu utotoni kuwa mpiga piano wa klasiki, aliomba nafasi katika chuo cha Curtis mjini Philadelphia akakataliwa, na mpaka mwisho wa maisha yake aliamini kwamba ilikuwa kwa sababu ya rangi yake. Akaenda kupiga na kuimba katika baa kwa jina la Nina Simone, na dunia ikamjua kwa njia hiyo. Chuo hichohicho kilimpa shahada ya heshima mwaka 2003, siku chache kabla hajafariki.

Lakini mwaka 1963 André Watts, kijana wa miaka 16 ambaye baba yake alikuwa Mmarekani mweusi na mama yake Mhungaria, aliitwa kushika nafasi ya Glenn Gould aliyeugua, akapiga koncheto ya Liszt na okestra ya New York chini ya Leonard Bernstein, na tangu usiku ule akaendelea na kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 50. Leo Isata Kanneh-Mason wa Uingereza, ambaye mama yake ana asili ya Sierra Leone, anapiga katika kumbi kubwa, na albamu yake ya kwanza, ya mwaka 2019, aliijaza tungo za Clara Schumann, ambazo Wazungu wenyewe walikuwa wamezisahau kwa muda mrefu.

Kuhusu piano kuwa ya Wazungu, sikubaliani nawe, mzee, na ushahidi wangu uko karibu na nyumbani. Akin Euba wa Nigeria alitumia maisha yake akijenga namna ya Kiafrika ya kuitungia piano, ambamo ala hiyo huchukuliwa kama ngoma na marimba zetu, na J. H. Kwabena Nketia wa Ghana akachapisha mwaka 1994 tungo 12 za kufundishia kwa mtindo huo. Kwetu Uganda, Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio kubwa, yaani utungo mrefu wa kidini wa kuimbwa, juu ya Mashahidi wa Uganda kwa sauti na midundo ya Kiganda, na Justinian Tamusuza akaandika kwa ala za nyuzi za Ulaya muziki ambao msikilizaji wa Buganda hupata ndani yake sauti za kwao.

Tena ipo habari ambayo ningependa mjukuu wako aijue. Amadinda, kama unavyojua, ina vipande 12 vya mbao na huchezwa na watu 3 wanaopishana kwa kasi, mmoja akijaza nafasi aliyoiacha mwenzake, hata msikilizaji akasikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake. Mtafiti Gerhard Kubik aliyachunguza mambo hayo hapahapa Uganda na kuyaandika. Maandishi yake, pamoja na rekodi za muziki wa Afrika ya Kati zilizokusanywa na Simha Arom, yalimfikia mtunzi György Ligeti, Mhungaria aliyekuwa akiishi Ulaya Magharibi. Kuanzia mwaka 1985 Ligeti alitoa mazoezi ya piano ambayo sasa yamo katika programu za wapiga piano wakubwa, na ugumu wake mmojawapo ni kwamba mtu mmoja anatakiwa kutoa kwa mikono yake 2 ile midundo inayopishana ambayo kwetu hugawiwa watu kadhaa. Wapo vijana wa Ulaya wanaotokwa jasho miaka mingi kutafuta hisia ambayo mjukuu wako anaipata kila siku anapokaa upande wake wa amadinda.

Kwa hiyo uamuzi wangu uko upande wa mama yake: mtoto asichague. Ila mwalimu wake wa piano aambiwe kwamba mtoto anapiga amadinda, kwa sababu mkono uliozoea kuiacha fimbo idunde yenyewe huja kwenye vibonye na kifundo kilicholegea tayari, na mwalimu asiyelijua hilo anaweza kupoteza mwaka mzima akimfundisha kitu ambacho mtoto amekuja nacho kutoka shuleni.